Homa ya mtoto mwenye ugonjwa wa figo: mkojo upimwe kabla ya dawa

Kijana wangu alizaliwa na vali kwenye njia ya mkojo. Ni vijiwambo vidogo vinavyoziba njia ya mtoto wa kiume tangu akiwa tumboni: mkojo unashindwa kutoka, kibofu kinakuwa kigumu, na figo zinaumia kabla mtoto hajaona jua. Alipasuliwa akiwa na miezi saba. Leo ana miaka tisa, anasoma, na miteremko ya Kadutu anaipanda mbio kuniacha mimi nyuma na bidoni langu. Lakini figo zake hazikurudi kuwa nzima, na madaktari walishaniambia hazitarudi. Kazi yangu ni kulinda zilizobaki.

Naandika kwa ajili ya mama na baba wenzangu hapa Bukavu, na wa Goma, Uvira au Lubumbashi pia, wenye mtoto ambaye figo zake si nzima. Mimi si daktari. Nimejifunza kwa kuuliza, kwa kuandika kwenye kaye kila nilichoambiwa, na kwa makosa yangu mwenyewe. Dozi ya mtoto wako iulize kwa daktari wake.

Kwanza, elewa kwa nini homa ya mtoto huyu si kama ya wengine

Kwetu homa ina majina mawili: malaria na tifoide. Mtoto akipata joto tunakimbilia TDR, kipimo cha haraka cha malaria. Ikitoka hasi, kinafuata kipimo cha tifoide kiitwacho Widal, na Widal ikionyesha chochote, mtoto anaandikiwa antibiotiki. Mkojo haukumbukwi. Mwanangu alipokuwa na miaka miwili alitibiwa tifoide mara tatu ndani ya miezi minne, kwenye kituo kimoja. Kila mara homa ilishuka, kila mara ilirudi. Mara ya nne muuguzi mmoja mtu mzima alimtazama, akaniuliza, "Mama, huyu si ndiye aliyepasuliwa njia ya mkojo? Mkojo wake nani ameupima?" Hakuna aliyekuwa ameupima. Labo ikakuta bakteria aina ya E. coli, na ekografi ikaonyesha figo la kushoto limesinyaa. Homa zile tatu zilikuwa homa za figo, na dawa tulizompa zilikuwa zikizituliza tu bila kuzimaliza. Bado jambo hili linaniuma.

E. coli anaishi kwenye utumbo wa kila mtu. Anatoka na choo, anapita kwenye ngozi, anapanda njia ya mkojo. Mtoto mzima akikojoa, mkojo unamsafisha bakteria huyo na kumtupa nje. Lakini kuna watoto ambao mkojo wao hubaki kibofuni au hurudi nyuma kuelekea figo: waliozaliwa na vali kama wangu, wenye mkojo unaorudi nyuma kibofu kinapojikamua, wenye mawe, na waliozaliwa na uti wa mgongo ulio wazi, ambao mishipa ya fahamu ya kibofu haifanyi kazi. Mkojo uliotuama ni kama maji ya dimbwi. Kisha kuna watoto wa sindromu nefrotiki, wale wanaovimba uso na miguu: hao hupoteza kwenye mkojo protini zinazolinda mwili, halafu dawa yao ya prednisolone inapunguza tena kinga.

Bakteria akifika figoni, anaweza kuacha kovu. Kovu halichuji damu. Mtu mwenye figo mbili nzima anaweza kulivumilia, lakini mtoto ambaye nusu ya vichujio vyake imeshakufa hana cha kupoteza. Na makovu hayo ndiyo baadaye huleta presha ya juu kwa kijana ambaye hata ndevu hajaota.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba yetu ni hii: akipata joto la 38 au zaidi na sababu haionekani wazi, mkojo unapimwa siku hiyohiyo, kabla ya kidonge cha kwanza cha antibiotiki. TDR ikiwa chanya, tunatibu malaria, na mkojo tunapima vilevile. Mtoto mmoja anaweza kubeba vyote viwili.

Dalili za kuangalia

Mtoto mkubwa husema mwenyewe. Mkojo unachoma, anakwenda chooni kila mara na kutoa matone, tumbo la chini linauma, au mgongo unauma upande mmoja chini ya mbavu. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani akianza tena, nakuomba usimchape wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Mpime mkojo.

Mtoto mchanga hana maneno hayo. Yeye ana homa tu, au anakataa ziwa, anatapika, analia asibembelezeke, kilo haziongezeki. Kichanga wa wiki chache anaweza kuwa na macho ya manjano yasiyoisha, au mwili ukapoa badala ya kupata moto. Na mtoto anayekunywa prednisolone anaweza kuwa na maambukizi makubwa na kipimajoto kikasema 37.5 tu, kwa sababu dawa hiyo huficha homa. Ukiona amelegea, usisubiri namba. Tumbo likimuuma sana na likiwa gumu, hiyo ni hatari nyingine ya watoto wa nefrotiki, maambukizi ya tumbo lenyewe, na ni ya kukimbia nayo hospitali.

Harufu ya mkojo peke yake haithibitishi kitu, maana mkojo wa mtoto asiyekunywa maji hunuka pia. Mkojo wa damu uchunguzwe daima. Kama umetoka Maniema au sehemu za Katanga ambako watoto huoga mitoni, mtajie daktari bilharzi, kwa kuwa nayo hutoa damu kwenye mkojo na dawa yake ni tofauti kabisa.

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku na pikipiki ni ghali, ikiwa mtoto ana chini ya miezi mitatu na ana homa. Ikiwa anatapika kila anachomeza. Ikiwa hajakojoa tangu asubuhi na jua linazama. Ikiwa amelegea haamki vizuri, anapumua mbio, ametetemeka kwa degedege au ameanza kuvimba. Mtoto wa namna hiyo asicheleweshwe dawa kwa kusubiri kichupa. Wauguzi wanaweza kutoa mkojo kwa sonde, mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni, kwa dakika chache, na kama haiwezekani, sindano itangulie.

Kuchukua mkojo: hapa ndipo wengi tunaharibu

Nimeona mama akileta mkojo kwenye chupa ya mayonezi iliyosuuzwa. Nimeona mwingine akikamua pampasi. Sikucheka, kwa sababu nami nilikuja mjini na kopo la maziwa mwaka wa kwanza. Mkojo wa namna hiyo huotesha bakteria wa chupa na wa ngozi, labo inaandika "maambukizi", na mtoto anameza dawa za bure siku kumi. Au inakuwa kinyume: bakteria wengi wa aina tatu wanaota pamoja, jibu halieleweki, na pesa imekwenda.

Nunua labo kichupa chenye kifuniko, kilichofungwa bado. Usikifungue nyumbani kukitazama, usiguse ndani.

Nawa mikono kwa sabuni. Kisha msafishe mtoto kwa sabuni na maji, suuza hadi povu liishe, kausha kwa kitambaa safi. Msichana anasafishwa kutoka mbele kwenda nyuma, midomo ya uke ikiwa imetenganishwa kwa vidole. Mvulana ambaye hajatahiriwa, vuta ngozi taratibu mpaka pale inapofika yenyewe, usiilazimishe. Najua siku ambazo bomba la Regideso limekauka wiki nzima, maji ya bidoni moja yanahesabiwa kwa kikombe. Kwa kazi hii weka akiba: lita moja iliyochemshwa na kupoa inatosha.

Mtoto anayeweza kusimama aanze kukojoa, mkojo wa mwanzo umwagike, kisha weka kichupa katikati ya mkojo unapotiririka, ukiondoe kabla haujaisha. Ule wa mwanzo ndio unaosomba uchafu wa mlangoni. Msichana apanue miguu vizuri. Akibana mapaja mkojo unapita kwenye ngozi kwanza.

Kwa mtoto mchanga kuna njia ambayo nilionyeshwa na sikuamini hadi nilipoiona. Mnyonyeshe, subiri dakika ishirini au zaidi kidogo, msafishe. Mtu mmoja amshike, wewe uwe na kichupa mkononi wazi tayari. Chovya kitambaa safi kwenye maji baridi, sugua tumbo la chini, juu tu ya kinena, kwa kuzungusha polepole. Si wote, lakini baadhi hukojoa ndani ya dakika tano. Kama hatoi, wahudumu watumie sonde. Ule mfuko wa plastiki unaobandikwa sehemu za siri unafaa kwa jambo moja: ukitoka safi kwenye bandeleti (kijiti cha kupimia mkojo), hilo linatuliza. Ukitoka mchafu, usikubali uoteshwe wala mtoto atibiwe kwa huo. Omba mkojo mwingine uliotolewa vizuri.

Kuna jambo la muda. Mkojo ukikaa kwenye joto, bakteria wachache wanazaliana na kuonekana wengi. Ufike labo ndani ya saa moja. Kutoka Panzi au Bagira hadi mjini kati, mvua ikinyesha na barabara imejaa tope, saa moja inaisha njiani. Suluhisho bora ni mtoto akojolee labo: mpe maji ya kunywa mkiwa njiani, msafishe palepale. Kama haiwezekani, kichupa kikae kwenye baridi, si kwenye friza, hadi saa 24. Umeme wa SNEL ukiwa umekatika, barafu ndani ya mfuko wa plastiki, kichupa juu yake kikiwa kimefungwa vizuri, na kitambaa nje, inafanya kazi.

Kusoma karatasi ya majibu

Kipimo cha haraka ni bandeleti, kile kijiti chenye rangi. Angalia vitu viwili: leukositi, yaani seli nyeupe, na nitriti. Vyote viwili vikiwa chanya kwa mtoto mwenye homa, uwezekano wa maambukizi ni mkubwa na daktari kwa kawaida huanza dawa. Nitriti hasi haimaanishi salama: bakteria anahitaji mkojo ukae kibofuni saa kadhaa, kama nne hivi, ndipo nitriti itokee, na mtoto mchanga hukojoa kabla ya hapo. Protini kwa mtoto wa nefrotiki huwa ipo siku zote za kurudia kwa ugonjwa, kwa hiyo usiiite maambukizi.

Lakini bandeleti haitoshi kwa watoto wetu. Omba ECBU, kipimo kinachoangalia mkojo kwa darubini na kuotesha bakteria, pamoja na antibiogramu, ambayo inataja dawa zipi zinamwua bakteria huyo na zipi zimeshindwa. Inachukua siku mbili au tatu na ina gharama. Najua. Ukilazimika kuchagua kati ya Widal na ECBU kwa mtoto mwenye ugonjwa wa figo, mimi ningetoa pesa yangu kwa ECBU bila kufikiri mara mbili.

Kwenye jibu tafuta jina moja la bakteria na namba. Kwa mkojo wa katikati, 100,000 au zaidi kwa mililita, ya aina moja, pamoja na dalili na seli nyeupe, ndiyo maambukizi. Mkojo ukiwa umetolewa kwa sonde, hata 50,000 inahesabika. Ukiona aina mbili tatu zimechanganyika, mkojo ulichafuka: rudia.

Piga picha karatasi hiyo, kisha ibandike kwenye kaye. Mara ijayo daktari atataka kujua bakteria wa mwaka jana alishindwa na dawa gani.

Dawa

Kabla daktari hajaandika ordonansi, sema sentensi hii hata kama unafikiri anajua: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa figo, kreatinini yake ya mwisho ilikuwa hii, kilo zake ni hizi, urefu wake ni huu." Kilo, urefu na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja) ndivyo vinavyompa daktari hesabu ya nguvu ya figo, na dozi inafuata hesabu hiyo. Namba hizo tatu ziko juu ya ukurasa wa kwanza wa kaye langu kwa kalamu nyekundu, na nazibadilisha kila miezi mitatu.

Mtoto asiyetapika, aliyezidi miezi mitatu na asiye mahututi, mara nyingi anatibiwa kwa dawa ya kunywa, siku saba hadi kumi, wakati mwingine kumi na nne. Amoksisilini yenye asidi klavulaniki na sefiksime ndizo ninazoziona zikiandikwa. Wadogo zaidi na wanaotapika wanapata seftriaksoni ya sindano. Ampisilini na kotrimoksazoli zimeuzwa kwetu kama karanga kwa miaka mingi, na E. coli wengi wamezizoea. Zisitumike kwa kubahatisha.

Kuna dawa ambazo unapaswa kuuliza ukizisikia zikitajwa. Jentamisini inaua bakteria vizuri lakini inaweza kuumiza figo na masikio. Ikilazimika, dozi ipangwe kwa figo za mtoto na kreatinini ifuatiliwe. Nitrofurantoini haifai figo zikiwa zimedhoofu sana, wala haifai maambukizi yaliyofika figoni. Kotrimoksazoli inaweza kupandisha potasiamu. Na kwa homa mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki, hata ile sindano ya diklofenaki ambayo farmasi za mtaani huchoma bila kuuliza, mkatalie mtu yeyote. Zinapunguza damu inayofika figoni, na mtoto akiwa na homa na hana maji mwilini, hilo linaweza kuzima figo zilizobaki.

Vivyo hivyo dawa za mizizi za kunywa, na zile ambazo shangazi na bibi zetu huwaingizia watoto kwa njia ya haja kubwa kwa mpira mdogo wakiwa na homa. Naheshimu wazee wangu. Mama mkwe alikuwa na uchungu na upendo wote alipotaka kumfanyia mwanangu hivyo, na nilimpigia magoti kumkatalia. Nilimwambia, "Mama, figo zake hazina nguvu ya kutoa sumu hata ya dawa njema." Alinielewa. Kila familia ina maneno yake. Tafuta yako kabla homa haijaja.

Kuhusu siro: amoksisilini yenye klavulaniki ikishachanganywa na maji inahitaji friji, na hata humo inadumu siku saba tu. Kwenye nyumba isiyo na umeme wa uhakika inaharibika na wewe hujui. Uliza kama kuna komprime za kuyeyusha kwenye maji kidogo, unayeyusha dozi moja wakati wa kumpa. Ikiwa ni lazima siro, changanya kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi mstari wa chupa, tikisa, ongeza tena hadi mstari. Pima kwa sirinji, si kwa kijiko cha chai, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani.

Mambo mawili ambayo huwa hayasemwi. Mtoto aliye kwenye prednisolone asiisimamishe ghafla kwa sababu ana homa. Mwili wake umezoea kuitegemea na anaweza kuzimia. Na mtoto anayekunywa enalapril au kaptopril kwa ajili ya presha au protini, akianza kutapika au kuhara, piga simu kwa daktari siku hiyo uulize kama dawa hiyo isitishwe kwa muda. Ikikutana na ukosefu wa maji mwilini, kreatinini inaruka.

Saa 48

Andika saa uliyompa dozi ya kwanza. Homa inapaswa kuanza kushuka ndani ya siku mbili. Isiposhuka, rudi, hata kama ordonansi inasema siku kumi. Pengine bakteria ameizoea dawa, na majibu ya antibiogramu yatakuwa yametoka. Pengine kuna usaha, au mkojo umezibwa mahali, na hapo ekografi ndiyo inayofuata. Ikishuka, endelea hadi siku ya mwisho iliyoandikwa. Majirani wataomba mabaki ya siro kwa ajili ya mtoto wao anayekohoa. Usiwe na mabaki.

Baada ya kupona, daktari apime presha kwa kifaa cha mkono wa mtoto, si kile cha mtu mzima, na protini kwenye mkojo, na kreatinini. Kwa maambukizi ya kwanza aombe ekografi ya figo na kibofu, mtoto akiwa na kibofu kilichojaa na tena baada ya kukojoa, ili ionekane mkojo kiasi gani unabaki. Ile picha ya kuingiza dawa kibofuni kwa sonde kuona kama mkojo unarudi nyuma haihitajiki kwa kila mtoto, na haifanywi wakati maambukizi bado yapo.

Kuzuia homa ya pili

Hapa ndipo nguvu ya mzazi ilipo, zaidi kuliko hospitalini.

*Maji.* Watu watakuambia "anywe maji mengi". Uliza kwanza. Watoto kama wangu, ambao figo zao haziwezi kuzuia maji, hukojoa sana na hukauka haraka. Yeye hunywa siku nzima na chupa yake haimwachi. Lakini mtoto aliyevimba, au ambaye mkojo wake ni kidogo, anaweza kuwa amewekewa kipimo, na kumjaza maji kunamdhuru. Daktari akupe idadi kwa siku, uipime kwa chupa ile ile.

*Kukojoa kwa saa.* Kila saa mbili au tatu, kabla hajasikia haja. Akae, asisimame haraka. Miguu ikanyage kitu, hata tofali, kwa sababu mtoto anayening'inia hubana misuli na mkojo hautoki wote. Akimaliza, ahesabu polepole hadi hamsini, ajaribu tena. Mara ya pili hutoka kiasi ambacho hukukitegemea.

Shule ndiyo kikwazo. Choo cha shule ni kichafu, mlango haufungi, maji hakuna, na mwalimu hamruhusu mtoto kutoka darasani. Kwa hiyo mtoto anabana tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na msichana anabana zaidi kwa aibu. Nilikwenda kwa mkurugenzi na barua ya daktari yenye mistari mitatu: mtoto huyu ana ugonjwa wa figo, aruhusiwe kwenda chooni anapoomba na kunywa maji darasani. Nilimletea mwalimu nakala yake mkononi. Mwaka huo hatukupata homa ya mkojo hata mara moja. Nasema kwa moyo wote: ukifanya jambo moja tu baada ya kusoma haya, omba barua hiyo.

*Choo kigumu.* Utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, mkojo haushuki wote. Mtoto apate choo laini kila siku. Ushauri wa kawaida ni maharagi, ndizi, parachichi, sombe, na kwa mtoto ambaye potasiamu yake ni ya kawaida ni ushauri mzuri. Lakini figo zikiwa zimedhoofu sana, vyakula hivyo vyote vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Uliza kiwango chake kwanza. Ukiambiwa kipunguzwe, lenga-lenga na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe. Zipo pia dawa salama za kulainisha choo, daktari anazijua.

*Usafi.* Msichana ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Maji yanatosha, sabuni za manukato na dawa za kuua vijidudu zisitumike ndani. Kutahiri mvulana mwenye vali au mkojo unaorudi nyuma hupunguza maambukizi waziwazi, na kwetu wavulana wengi hutahiriwa hata hivyo, ila kama tundu la mkojo liko chini ya uume, asitahiriwe kabla daktari mpasuaji hajamwona, maana ngozi ile itahitajika kurekebisha.

*Sonde.* Mtoto anayekojoa kwa sonde mara nne hadi sita kwa siku karibu kila mara atakuwa na bakteria kwenye mkojo. Kama hana homa, hana maumivu, na ni mchangamfu, bakteria hao hawatibiwi. Hili lilinichukua muda kulikubali. Kuwatibu kila wakionekana kunazaa bakteria wasiosikia dawa yoyote, na siku ya homa ya kweli utakuwa huna cha kumpa.

*Dawa ndogo ya kila usiku.* Baadhi ya watoto hupewa dozi ndogo ya antibiotiki kila jioni kwa miezi au miaka. Utafiti wa Marekani uliotoka 2014, wenye watoto 607 waliokuwa na mkojo unaorudi nyuma, ulionyesha kwamba dozi hiyo hupunguza maambukizi kwa nusu hivi, ingawa makovu mapya ya figo hayakupungua. Kwa hiyo si kila mtoto anahitaji, na daktari atapima. Ukipewa, mpe baada ya kukojoa mara ya mwisho kabla ya kulala, ili dawa ikae kibofuni usiku kucha.

Mfuko wa mlangoni

Kwangu unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna anayeruhusiwa kuuchukua kwenda nao soko la Nyawera. Ndani kuna kaye, kipimajoto, parasetamoli yenye alama ya dozi yake kwa kilo za sasa, sirinji ya kupimia, sabuni kipande, kitambaa safi kwenye plastiki, nakala ya barua ya daktari, namba ya dereva wa pikipiki anayekubali kutoka usiku, na pesa ya ECBU iliyotengwa ndani ya bahasha. Vichupa vya mkojo ni viwili, vyote vimefungwa. Kimoja kikianguka gizani, cha pili kipo.